Kinga mbili za umeme na pesa za muso yetu

Jumamosi iliyopita mama mweka hazina alifungua kitenge chake, akatoa betri nyeusi ya baiskeli, akaiweka mezani kati ya daftari na sanduku la pesa. Ina kilo karibu tatu. Hakusema neno. Sisi wote 22 tulijua maana yake: hilo ndilo jiwe lililokula akiba yetu ya mwaka mzima, na aliyewashawishi wenzake ni mimi. Mwenyekiti akasema, basi mama, andika habari hii kwenye gazeti letu, maana vikundi vya Sange na Makobola vinatuuliza kila siku juu ya kinga za umeme, na si vizuri wapite shimo lile lile. Ninaandika, ingawa kalamu ni nzito.

Kazi yetu mnaijua. Asubuhi mitumbwi inaporudi tunapokea ndagala Kalundu, tunazipeleka soko la Mulongwe, na zile zilizokauka vizuri tunazipeleka Kiliba na Sange, kule tambarare ya Ruzizi. Motari anataka pesa yake, uwe umeuza au hujauza, na mvua ikinyesha anapandisha bei. Tulipokaa kuhesabu mwisho wa mwezi tulikuta motari wamekula kuliko watoto wetu. Ndipo wazo la kinga ya umeme likaja, na likaja kwa milango miwili kwa wakati mmoja.

Mlango wa kwanza ulikuwa yaya wangu anayeishi Ubelgiji. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya milimani ya umeme, iliyotengenezwa kiwandani kamili, akataka kuiuza kwa bei ya ndugu, dola 900. Mlango wa pili ulikuwa mwanangu wa kwanza, ambaye ni fundi wa kinga hapa mjini. Yeye alitaka tununue mota peke yake, ile inayokuja ndani ya katoni na waya zake na skrini yake ndogo, aifunge kwenye baiskeli ya kawaida, halafu tutafute betri. Alisema yote haitafika dola 800.

Mimi nilisimama upande wa yaya, na nilisimama kwa sauti kubwa.

Acha niseme uzuri wa kinga ile kwanza, maana sikupofushwa na jina la Ulaya peke yake. Ilisafiri ndani ya kontena mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikashuka na boti Kalundu, na pamoja na ushuru na njia tulikuwa tumelipa dola 1,150. Siku ya kwanza niliipanda mwenyewe, mimi mwenye miaka 51 na goti bovu, kutoka barabara kuu kuelekea Kabindula juu. Unakanyaga, nayo inakusukuma kwa kipimo cha mguu wako. Ukikanyaga pole inasaidia pole, ukikaza na yenyewe inakaza. Ndani ya mota kuna kifaa kinachopima nguvu ya mguu mara nyingi kwa kila mzunguko wa pedali. Yamaha wa Japani walianza kuuza baiskeli za namna hiyo mwaka 1993, na baadaye Bosch wa Ujerumani na Shimano wakajenga za kwao. Vitu vyote vimezaliwa pamoja: fremu imeumbwa kuizunguka mota, waya zimepita ndani ya bomba, betri imeingia mahali pake kama punje ndani ya ganda, breki ni za mafuta, taa inakula betri ile ile. Kwa sheria ya Ulaya mota hiyo imepimwa kwa wati 250 na inaacha kusukuma ukifika kilometa 25 kwa saa, lakini msidharau wati 250. Mtu wa kawaida akikanyaga kwa muda mrefu anatoa kama wati 75 hadi 100. Ni kama kusukumwa na vijana wawili wenye afya ambao hawaombi soda.

Nilifika juu sijahema. Nilicheka peke yangu kama mtoto.

Mwanangu aliizunguka mara mbili, akagonga betri kwa ukucha, akasema, “Mama, hii ni nzuri kuliko yote niliyoona. Lakini siku ikifa, nitaifungua na nini?” Nilimjibu vibaya, mbele ya wamama. Nilimwambia anatafuta kazi ya kulisha kibanda chake kwa pesa yetu. Alinyamaza, akachukua spana zake akaondoka. Neno hilo ndilo linaloniuma zaidi ya zile dola.

Kinga ilitufanyia kazi miezi saba bila lawama. Halafu mama yangu mdogo akafariki Baraka, nikaenda kwenye matanga. Nilidhani nitakaa wiki mbili. Mvua zikakata barabara, mambo ya familia yakarefuka, nikakaa karibu miezi minne. Betri ilikuwa chumbani kwangu, imefungwa kwa kufuli, ufunguo kwenye mkoba wangu, na siku nilipoondoka ilikuwa imebaki taa moja tu. SNEL walikuwa wamekata, nikasema nitaichaji nikirudi.

Niliporudi haikuwaka.

Jambo hili nimefundishwa baadaye, na ninaomba kila mama mwenye kitu cha lithiamu nyumbani alishike. Betri hizi hazipendi kulala tupu. Volti za seli zinaendelea kushuka polepole, na zikipita kiwango fulani, bodi ndogo ya ulinzi iliyo ndani inafunga mlango, isichajiwe tena, kwa sababu seli iliyoanguka hivyo ikilazimishwa kula umeme inaweza kushika moto. Kwa hiyo bodi ilifanya kazi yake. Aliyekosa ni mimi. Betri ya kuhifadhiwa unaiacha nusu, mahali penye baridi kidogo, na unaiangalia kila mwezi kama unavyoangalia maharagwe yasishikwe na wadudu.

Tulimpelekea fundi mmoja wa Bujumbura. Ni kijana mwenye akili, aliifungua, akabadilisha seli zilizokufa, volti zikarudi sawa. Tukapiga vigelegele. Tulipoirudisha kwenye kinga, mota ikakataa. Katika mifumo mingi ya kiwandani betri na mota zinasalimiana kwanza kwa lugha yao ya siri, na mota yetu haikuitambua tena betri yake. Kompyuta ya kuzipatanisha inakaa kwa wauzaji wenye kibali wa kampuni ile, ambayo sitaitaja, na hakuna muuzaji wa namna hiyo karibu nasi. Betri ya kampuni nyingine haiingii, hata iwe na volti zile zile. Yaya akasema atanunua mpya ampe msafiri. Uwanja wa ndege ukakataa, na ukweli ni kwamba sheria ya ndege iko wazi: betri ya akiba inayozidi wati-saa 160 haipandi na abiria, na yetu ni 500. Ibaki kuipitisha baharini tena, kwa bei ya karibu dola 600.

Nilimwendea mwanangu na aibu yangu. Nilimuuliza kama anaweza kutoa mota ile iliyokufa, afunge ya katoni. Akanionyesha kwa kidole bila kunicheka. Mota za kufunga zinaingia kwenye tundu la mviringo ambalo mhimili wa pedali unapita, lenye upana wa milimita 68 au 73. Fremu ya kiwandani haina tundu hilo. Ina pango lenye umbo la mota yake peke yake, na ikitoka ile hakuna nyingine inayokaa. Sasa kitinda mimba wangu anaipanda kwenda shule bila umeme. Ina kilo 24. Anafika amelowa kama aliyevuka mto.

Msifikiri sasa nitasifu mota za katoni kama dawa ya magonjwa yote. Nimeziona kwa macho, na mojawapo ilimvunja binti yangu mkono.

Mwanangu alianza kwa pesa yake mwenyewe na mkopo mdogo wa mke wake. Mota ya kwanza ilikuwa ya ndani ya gurudumu la mbele, aina ya bei nafuu, akaifunga kwenye Phoenix nyeusi ya zamani. Kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, barabara ya kando ya ziwa, ilikwenda kama maji. Mlimani ilishindwa. Mota ya kwenye gurudumu haina gia za kukimbilia: gurudumu likienda polepole na mota inazunguka polepole, inavuta umeme mwingi, na sehemu kubwa inageuka joto. Alipopanda nayo na gunia la unga ilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Tena ekseli ya gurudumu la namna hiyo inataka kujizungusha yenyewe kwenye uma, ikilegea inang'oka. Lazima kiwepo kipande cha chuma cha kuishikilia, na uma uwe wa chuma, si wa alminiamu. Yeye alikiweka. Nimeona wengine sokoni ambao hawakukiweka, na mbele yao kuna mtoto amekaa kwenye bomba.

Aliiuza, akanunua mota ya katikati ya Bafang, hao Wachina ambao mota zao zimeenea dunia nzima, ile inayofungwa penye pedali. Nguvu yake inapita kwenye cheni, kwa hiyo ukikuta mlima unaweka jino kubwa la nyuma, mota inazunguka kwa raha, kinga inapanda. Hapo Phoenix haifai, maana ina jino moja tu nyuma na unakuwa umelipia mota nzuri bure. Alitafuta baiskeli ya milimani ya chuma, kuukuu, yenye gia saba, akaipata Bujumbura kwa dola 90. Mota ilikuwa 380, betri 310.

Binti yangu ndiye aliyeipanda, na hapo ndipo fundi naye alikosea. Mota ile haipimi nguvu ya mguu. Inajua tu kwamba pedali zinazunguka, basi inasukuma, na inachelewa kidogo kuacha. Kwa sababu hiyo katoni inakuja na mikono yake ya breki yenye waya: ukiishika tu, umeme unakatika. Mwanangu alikuwa na haraka, mikono haikulingana na usukani, akaiacha kwenye katoni akasema nitaifunga Jumatatu. Jumamosi binti alishuka kuelekea Mulongwe na kilo 50 za ndagala, mbuzi akakatiza, akashika breki, mota ikaendelea kusukuma sekunde moja ambayo haikuwa yake. Aliangukia meza ya mihogo. Kifundo cha mkono kilivunjika. Ndagala zilitapakaa barabarani, na nashukuru wamama wa soko lile ambao waliziokota mpaka ya mwisho, hakuna aliyetia hata moja mfukoni.

Kwa hiyo nilikuwa na mtoto mwenye bandeji na betri iliyokufa chini ya kitanda. Ndani ya nyumba yetu hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake.

Lakini angalieni kilichofuata. Mikono ya breki ilifungwa Jumatatu ile ile. Na tangu hapo, mwaka mmoja na miezi miwili, kinga ile imeharibika mara nyingi kuliko ile ya Ulaya, na kila mara imerudi barabarani. Imekula cheni mbili na jino dogo la nyuma, kwa sababu mota ya katikati inavuta cheni kuliko mguu wowote. Binti amejifunza kuacha kukanyaga kidogo kabla ya kubadili gia, na cheni ya tatu inaishi vizuri zaidi. Maji ya mvua yaliingia kwenye kiunganishi kimoja cha waya, ikasimama njiani Kiliba. Mwanangu alikausha, akapaka grisi, akafunga mpira. Kifuniko cha skrini kilipasuka, kikashikwa na gundi. Hakuna hata siku moja tuliyoomba ruhusa ya mtu wa ng'ambo ili kitu kiwake. Na siku betri ikichoka, mota ile inauliza volti tu. Ya volti 48 yenye bodi ya kufaa itaifanyia kazi, itoke Kampala au itoke Dar.

Betri yenyewe ni ya wati-saa 624. Kuijaza haifiki uniti moja ya SNEL, na siku ambazo SNEL hawapo, pano la jua la wati 100 linaijaza kwa siku kama mbili za jua zuri. Na mzigo wa kilo 60 binti anapata kilometa zipatazo 40 kwenye tambarare, mlimani pungufu sana. Tunaichaji barazani juu ya matofali mchana, mtu akiwa karibu. Hata siku moja haichajiwi chumbani wanapolala watoto. Nimewaambia na kikundi kizima: betri ya bei ya ajabu isiyo na jina la aliyeiunda, hata kama ni nusu ya bei, muiache sokoni. Hapa mota ya kufunga ina hatari ambayo ya kiwandani haina. Kule kampuni imejibu kwa kila kipande. Huku anayejibu ni fundi wako, na fundi wako ana njaa, ana haraka, na pengine ni mtoto wako.

Ubishi wetu Jumamosi ulikuwa hapo. Mama mmoja, anayefika Lemera kununua maharagwe, alisema kwa njia zile za kupanda na mashimo yale bado angependa ya kiwandani, kwa breki zake na kwa jinsi inavyotii mguu. Ana haki. Kama Uvira tungekuwa na duka la kampuni ile, lenye kompyuta yake na betri zake, ningeandika makala nyingine kabisa. Tena si kila cha kiwandani kimetengenezwa kwa watu wanaoishi mlango wa pili na duka. Jinja, kule Uganda, shirika la FABIO limefanya kazi na baiskeli za umeme za AfricroozE, zilizoundwa kwa barabara na mizigo ya Afrika. Na Zimbabwe kuna Hamba, ya magurudumu matatu, ambayo vikundi vya wanawake wa vijijini wanaikodi na kubadilisha betri kwenye kituo cha jua. Mpango huo ulinigusa, kwa sababu pale mama hamiliki betri na haogopi ife chumbani kwake akiwa kwenye matanga. Hiyo ni habari ya siku nyingine na ya pesa nyingine.

Mimi nimeanza kurudisha. Nimeandikisha dola 15 kila mwezi kwenye daftari, ingawa mwenyekiti alisema hasara ni ya wote kwa sababu kura ilikuwa ya wote. Kura ilikuwa ya wote, lakini ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu.

Jumamosi hii tutapiga kura ya pili: kununua mota mbili za katikati na betri zake, zifungwe kwenye kinga za chuma zenye gia. Nimeomba sauti yangu isihesabiwe. Nimeomba pia fundi asiwe mwanangu peke yake, kwa ajili yake na kwa ajili ya kikundi. Atafunga yeye, na fundi mwingine wa Kasenga atakagua breki, ekseli na nyaya kabla ya dola ya mwisho kutolewa. Nilipomweleza nilidhani atakasirika. Alisema ndivyo angetaka tangu mwanzo, halafu akauliza kama betri ile nyeusi bado iko kwa mama mweka hazina. Anataka ganda lake. Anasema ni imara, halipitishi maji, na angeweza kutia ndani yake seli mpya kwa ajili ya taa za kibandani.

Saa kumi na moja kila asubuhi namsikia binti yangu uani. Kabla ya kupanda anainua gurudumu la nyuma, anazungusha pedali kwa mkono mpaka mota ilie, halafu anashika breki. Ninangoja kitandani mpaka nisikie imenyamaza, ndipo ninaamka kuwasha makaa.